Fuso ya zamani au mpya ya mkopo: hesabu za mama wa viazi, Uyole

Mwenye gari ni mama wa Uyole, Mbeya. Ana Fuso Fighter moja, ile ya matairi sita yenye injini ya 6D16, aliyoinunua ikiwa imeshatumika Japani na ambayo deni lake lilikwisha zamani. Inabeba viazi kwenda Dar es Salaam na kurudi na chochote kinacholipa: mabati, chumvi, sabuni, vyombo vya plastiki. Mwaka jana ilimlaza njiani mno, na aliponiita alikuwa ameshaamua: auze, aongezee akiba yake, akope benki, achukue Fuso ya toleo la baadaye yenye injini ya 6M60. Alichotaka kwangu ni hesabu za kupeleka benki. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya wenye malori, na nimezoea kuletewa uamuzi uliokwisha kufanyika, unaotafuta tu namba za kuuvalisha. Nikamwomba kwanza daftari la gari.

Daftari lake lilikuwa zuri kuliko ya wengi. Kila fundi aliyelipwa ameandikwa, tarehe, mahali gari lilipofia, na bei ya spea. Kwa mwaka mzima matengenezo yalikula milioni 9.4. Hedi na gasketi milioni 2.6, gia boksi milioni 1.4, breki milioni 1.2, klachi milioni 1.1, pampu na nozo milioni 1, springi laki tisa, na milioni 1.2 ya vidogovidogo ambavyo hakuna dereva anayevikumbuka. Juu ya hapo kuna safari sita ambazo hazikwenda kabisa kwa sababu gari lilikuwa juu ya mawe gereji.

Ukisoma jumla peke yake, gari hilo ni la kuuza jana. Nilipopanga matumizi kwa mahali yalipotokea, picha ikabadilika. Klachi, gia boksi na springi, yaani milioni 3.4, vyote vilivunjikia barabara za shamba, kule Umalila na Isongole, wakati wa kutoa viazi kwenye tope. Hedi ilifia kwenye mlima wa Kitonga, mara zote mbili. Lami ya kawaida, zaidi ya kilomita 800 za Mbeya hadi Dar, ilikuwa imemgharimu kidogo kuliko alivyodhani.

Gasketi mbili, rejeta moja

Hapa nilikaa muda mrefu, kwa sababu ndipo fedha ilipovujia.

Fuso ikirudi kutoka Dar hupita joto la Ruaha Mbuyuni, kisha inaanza kupanda Kitonga kwa gia ndogo, injini inazunguka sana na upepo wa mwendo ni mdogo. Gari lenye rejeta nzima linapanda bila shida. Lake likachemsha, gasketi ya hedi ikaungua, likavutwa hadi Ilula. Fundi akafungua hedi, akaipeleka kusawazishwa, akaweka gasketi mpya, akafunga. Miezi mitano baadaye, mlima uleule, kisa kilekile, fundi mwingine, bei ileile. Katika kurasa zote mbili sikuona mstari hata mmoja wa rejeta, wota pampu wala kifuniko.

Tulikwenda gereji Uyole injini ikiwa ya baridi. Fundi akafungua kifuniko cha rejeta na kuingiza kidole. Kikatoka na tope la kahawia, laini kama uji wa ulezi. Raba ya ndani ya kifuniko ilikuwa imekauka na kupasuka. Utingo alipoulizwa hakuficha: njiani wanaongeza maji ya mtoni, dumu lipo nyuma ya kiti. Nusu ya mirija ya rejeta ilikuwa imeziba.

Kifuniko hicho watu hukidharau kwa sababu bei yake ni ya soda chache. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kwa mwinuko huo maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, hayangoji 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni presha, na kinachoshika presha ni kile kiraba. Kikifa, gari linachemsha mapema, maji yanamwagika, utingo anaongeza ya mtoni, tope linazidi, mirija inaziba zaidi. Gasketi ndiyo inayoungua mwishoni, lakini shida haikuanzia kwake.

Tukiwa hapo tulifungua pia kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, kuona kama inapumua. Ilitoa moshi kidogo tu. Fundi akapima kompresheni ya silinda zote sita, zikakaribiana. Injini haikuwa imefika mahali pa kusukwa upya. Mama, aliyekuwa amesimama pembeni na mkoba wake, akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, mwaka mzima nimelipia kifuniko?" Nikamjibu, siyo mwaka mzima mama, ni milioni mbili na laki sita.

Gari jipya kwenye karatasi

Sasa upande wa pili, na nataka niutendee haki, maana 6M60 ni injini nzuri. Ina ujazo uleule wa sentimita za ujazo 7,545, ila ina tabo na mfumo wa komoni reli, yaani mafuta yanapulizwa kwa presha kubwa na kuongozwa na kompyuta. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na 6D16 isiyo na tabo, kama ya mama, inaisikia hewa hiyo kila inapopanda. Yenye tabo inasukumiwa hewa, haipungukiwi sana. Mlimani tofauti inaonekana kwa macho.

Na kwenye mafuta pia ipo, japo si ile anayoitaja muuzaji. Yeye alisema kilomita 4.5 kwa lita. Tulimtafuta dereva wa gari la aina hiyo anayebeba viazi hivihivi, akajaza tangi mpaka mdomoni Uyole, akaandika kila lita hadi aliporudi. Ikaja kilomita 4. Fuso ya mama inakwenda 3.4. Kwa mzunguko wa kilomita 1,700, ukichukua dizeli kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi (EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hubadili bei kikomo kila mwezi), ya zamani inakunywa 1,500,000 na mpya 1,275,000. Hapo mama anaokoa 225,000 kwa safari.

Mapato ya safari ni yaleyale kwa gari lolote. Magunia 100 kwa nauli ya 15,000 ni milioni 1.5. Mzigo wa kurudi, ukiweka na zile safari anazorudi nusu tupu, wastani wake kwenye daftari ni milioni moja. Toa mafuta, posho ya dereva na utingo, ushuru na maegesho 350,000, na 200,000 ya kuweka kwa ajili ya matairi na oili. Ya zamani inabakiza 450,000 kabla ya matengenezo. Mpya inabakiza 675,000.

Gari jipya lilikuwa linauzwa milioni 85 likiwa na namba. Dalali alimpa milioni 28 kwa la zamani, akiba yake ni milioni 17, zinabaki milioni 40 za kukopa. Benki ilisema asilimia 18 kwa mwaka, miezi 36. Nikamwambia aulize swali moja tu: riba inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho? Kwa salio linalopungua rejesho ni karibu milioni 1.45 kwa mwezi. Kwa riba inayopigwa kwenye mkopo wote ni milioni 1.71, na hadi unamaliza umelipa karibu milioni 9.5 zaidi kwa asilimia ileile iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Ilikuwa ya salio linalopungua, bahati nzuri.

Benki pia inataka bima kubwa, ambayo kwa gari la thamani hiyo alitajiwa karibu milioni 4 kwa mwaka pamoja na VAT. La zamani lina bima ndogo ya laki tatu. Na kadi ya gari inakaa benki.

Nikaweka matarajio mema: gari jipya litafanya safari 42 kwa mwaka badala ya 36, kwa kuwa halitalala gereji, na matengenezo yatashuka hadi milioni 3. Linaingiza milioni 28.35, linatoa 3 za matengenezo, 4 za bima na 17.35 za mkopo. Mama anabaki na milioni 4. La zamani, lilivyo sasa, linambakizia milioni 6.5.

Wengi huishia hapo na kusema usiuze. Si haki, kwa sababu miaka mitatu ikiisha lile jipya ni lake. Tuseme wakati huo litauzika kwa milioni 55. Jumlisha na milioni 12 alizobaki nazo, ana 67. Upande wa pili, la zamani likirekebishwa rejeta, breki na springi kwa milioni 3.6, matengenezo yakashuka hadi 5.5 na likarudisha safari tatu kati ya sita zilizopotea, kwa miaka mitatu linaleta milioni 31 na nusu hivi. Ongeza akiba ya 17 ambayo haikuguswa, na gari lenyewe ambalo litauzika labda 20. Inakaribia 69.

Kwa hiyo karatasini ni sare. Ukipandisha matengenezo ya gari la zamani kwa milioni mbili kila mwaka, jambo ambalo ni la kutarajiwa, jipya linatangulia. Ukishusha safari za jipya kutoka 42 hadi 38, la zamani linarudi mbele. Anayekuonyesha jedwali ambalo upande mmoja unashinda kwa mbali, angalia aliweka safari ngapi.

Miezi ya safari mbili

Kilichoamua kisa hiki, kwa maoni yangu, hakikuwa kwenye jumla ya mwaka. Viazi vina miezi ya wingi na miezi ya uhaba, na mvua za huku zinazoanza Novemba hadi Aprili zinafunga barabara za shamba hata kama viazi vipo. Daftari linaonyesha wazi: nusu ya mwaka gari linakwenda safari nne kwa mwezi, nusu nyingine safari mbili.

Safari mbili za gari jipya ni milioni 1.35. Rejesho ni milioni 1.45. Kabla hajanunua hata chujio la oili ana pengo la laki moja, na miezi kama hiyo ni sita. Pengo litazibwa na miezi ya wingi, ndiyo, kama fedha ya wingi itakuwa bado ipo. Kwa mama huyu fedha hiyo ina kazi tayari: ada za shule za Januari, mbolea ya shamba lake mwenyewe, na wakulima anaowatangulizia hela ili wampe mzigo. Aliuliza benki kama anaweza kulipa kubwa msimu wa viazi na ndogo wakati mwingine. Jibu likawa marejesho ni sawa kila mwezi. Gari la zamani likikosa mzigo linalala tu. Tena tangu ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilipofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, gari lililolala halikusanyi deni la serikali kama zamani.

Kuna na suala la mafuta yenyewe. Pampu ya 6D16 inavumilia dizeli ya madumu ya kandokando ya barabara, na kila mtu anajua malori mangapi ya barabara ya Tunduma yanayanywa. Injekta za komoni reli hazivumilii. Uchafu mdogo unazimaliza, na kwa 6M60 bei ya seti ya sita tuliyotajiwa ilikuwa milioni 5.4. Kugundua tatizo kunataka fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mbeya mjini wapo. Umalila, saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, hayupo.

Jirani mmoja alishauri aachane na yote achukue Scania tandamu. Wazo hilo sikulipotezea muda. Ekseli ya nyuma pacha inaruhusu uzito wa jumla wa tani 26, lakini kujaza bodi hiyo kunataka magunia zaidi ya mia na nusu kila safari, na kwenye njia za shamba haipiti. Ni biashara nyingine.

Neno la dereva

Dereva ana miaka mingi barabarani na alikuwa upande wa gari jipya. Hakujali riba. Alisema: "Mama, kwa heshima yote, mimi ndiye ninayeshuka Kitonga na mzigo wako mgongoni."

Hiyo ndiyo hoja pekee ambayo ingeweza kufuta hesabu zangu zote, na nilimwambia mama hivyo. Kutoka Uyole gari lenye mzigo linashuka mara mbili kubwa: kwanza kutoka Inyala kwenda tambarare za Usangu, kisha Kitonga. Fuso nyingi za daraja hili zina breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani kadiri yanavyokaa, na yenye unyevu huchemka mapema zaidi. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa kwenye breki, ngoma zinapata moto, mafuta yanachemka, na mguu unazama hadi chini. Tulipouliza yalibadilishwa lini, hakuna aliyejua. Breki ya egzosti, ambayo ndiyo inapaswa kulishika gari mlimani ili breki za miguu zipumzike, ilikuwa imeganda muda mrefu. Dereva alikuwa ameisema mara kadhaa. Haikuandikwa daftarini kwa sababu haikuwahi kulipiwa.

Uzito nao ulikuwa umefichwa humohumo. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele yenye matairi mawili na tani 10 kwenye ekseli ya nyuma yenye manne, jumla 18. Gari tupu lenye bodi ya chuma ni karibu tani 7. Magunia 100 ya kilo 100 yanapita. Lumbesa 100, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, za kilo 130 ni tani 13, na hapo umeshafika 20. Mama aliapa kwamba hapitishi lumbesa kwenye mizani ya Makambako, na ni kweli, hapitishi: zinafunguliwa na kufungwa upya Uyole. Lakini kutoka shamba hadi Uyole hakuna mizani, na springi hazijui kama kuna mizani au hakuna. Zile milioni 3.4 za klachi, gia boksi na springi zinaanzia hapo.

Alichofanya

Hakuuza. Aliweka rejeta yenye koa mpya (ile sehemu ya mirija) na kifuniko, akabadilisha mafuta na bitana za breki, breki ya egzosti ikafunguliwa na kusafishwa, nozo zikapimwa, springi za nyuma zikapangwa upya. Zote ndani ya zile milioni 3.6. Dumu la maji ya mtoni limebadilishwa na la kulanti, maji maalumu ya rejeta, na utingo ameambiwa likiisha anunue, risiti atalipwa. Viazi vya Umalila sasa anavikodia Canter za hukohuko hadi barabarani. Anawalipa kwa gunia, inamuuma, na kila mwezi ananiuliza kama kweli ni nafuu. Hadi sasa ni nafuu, kwa sababu klachi haijaguswa.

Jambo la pili lilikuwa jaribio. Nilimwambia ajilipe mwenyewe mkopo ambao hajauchukua, kwenye akaunti ya pembeni, tukitoa ile 225,000 ambayo gari jipya lingemwongezea kwa kila safari. Mwezi wa safari nne anaweka 550,000. Mwezi wa safari mbili anaweka milioni moja, kwa sababu hapo msaada wa gari jipya ungepungua na benki ingetaka kilekile. Alidhani nimekosea, nimepindua namba. Miezi ya wingi aliweka bila kulalamika. Mwezi wa kwanza wa uhaba aliweka laki nne, wa pili laki mbili na nusu, na akanipigia simu mwenyewe kusema ameelewa.

Dereva bado anataka gari jipya na sioni kosa lake. Makubaliano ya sasa ni kwamba fedha ya akaunti ile haiguswi. Ikiungana na akiba na kufika mahali ambapo mkopo unaobaki hauzidi milioni 20, rejesho litashuka hadi kama laki saba na ishirini, kiasi ambacho safari mbili zinakibeba, na hapo atanunua hata kama Fuso ya zamani bado inakwenda. Ataikagua chasisi kwa chini kwanza, maana magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji huliwa na chumvi ya barabarani na rangi mpya huficha, na atauliza kama toleo hilo lina chujio la masizi au linatumia yurea ya kusafisha moshi, na nani Mbeya anaweza kulihudumia. La zamani hataliuza siku hiyo. Litabaki kwenye mzigo wa Tukuyu na Makambako, dereva mwingine, magunia themanini.